Timu za chini zimeoza, nianzie wapi?

SWALI: Nimekabidhiwa klabu kwenye ligi ya besiboli ya kompyuta. Daraja la AA (ngazi mbili chini ya timu kubwa) limejaa wachezaji wa miaka 27, chipukizi wanasugua benchi. Nifanyeje?

JIBU: Shika fagio, ila usifagie wote. Aliyefikisha miaka 26 akiwa bado AA, na kipaji chake hakifiki 40 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, mwache aende. Warushaji wabakize: watano wa kuanza mechi na saba wa akiba kwa kila timu, la sivyo mikono ya vijana itachoka na majeruhi watafuatana.

Ukikuta mashotistopu (walinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) watatu daraja moja, wawili hawachezi, na asiyecheza hakui. Mmoja mshushe, mwingine mfundishe besi ya pili.

Zima upandishaji wa kiotomatiki, uamue mwenyewe nani apande daraja. Wastani wa kupiga hudanganya. Subiri mchezaji apate zamu 150 hivi za kupiga, kisha tazama anatolewa mara ngapi kwa straiki tatu na anapewa besi mara ngapi kwa mipira minne iliyorushwa nje ya eneo la straiki.

Kama ligi yenu inafuata Kanuni ya 5 ya Marekani, inayoruhusu klabu nyingine kuchukua vijana wako usiowalinda (hapa wengi hunyang'anywa vijana wakiwa usingizini), aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au pungufu inabidi umlinde kwa kumweka kwenye orodha ya wachezaji 40 wa klabu baada ya misimu mitano. Wa 19 na zaidi, minne.