Sista, mbona halii tena?

Mtoto wa miaka 4, kila nikishika sindano, ananiambia "sitarudia tena". Hana kosa lolote. Nimjibu nini? (Mwanafunzi wa uuguzi, Dodoma)

Mwenyewe anaamini analo. Mwanasaikolojia Jean Piaget alieleza kwamba kati ya miaka 2 na 7 mtoto huona kila jambo linamzunguka yeye: jana alimpiga mdogo wake, leo anaumwa, basi hiyo ni adhabu. Nasi watu wazima tunamsaidia kuamini hivyo. Ni nyumba ngapi husema "ukilia nitamwita nesi akuchome"? Mwambie wazi kuwa ugonjwa haukuletwa na kosa lake. Usimuulize "nikuchome?" ikiwa hapana yake hutaikubali, muulize mkono upi. Ukimaliza mbandikie plasta hata kama damu imekauka, maana wapo wanaodhani itamwagika yote kupitia kitundu kile.

Mama wa mtoto wa miaka 2 analala nyumbani, ana kichanga. Siku mbili mtoto alilia sana, sasa katulia kabisa. Si ameshazoea wodi? (Muuguzi, Tanga)

Kwanza mpime, asije akawa amezidiwa. Akiwa salama, bado usifurahie utulivu huo. James Robertson, aliyefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby huko London, aliona watoto waliotenganishwa na mama zao wakipita hatua tatu: kulia kwa kupinga, kukata tamaa, kisha kujitenga. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa siku 8, enzi ambazo wazazi walibanwa sana saa za kuona wagonjwa. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt, kuhusu watoto waliolazwa, ikazitaka hospitali za Uingereza ziwafungulie wazazi milango. Wodi zetu, mama akilala na mwanawe kitanda kimoja, hilo tunalo siku nyingi, ingawa tukisema kweli uhaba wa wauguzi umechangia kuliko nadharia.

Basi bibi au shangazi ashike zamu, na kanga ya mama ibaki kitandani bila kufuliwa. Mama akiondoka aage, asitoroke mtoto akiwa usingizini. Akirudi akageuziwa mgongo, mweleze asichukie, aendelee kukaa naye. Mtoto akianza tena kujikojolea, badilisha shuka kimya kimya.

Mwanangu wa miaka 15 ana kisukari. Akiwa bweni anaruka insulini. Nimegomba mpaka nimechoka. (Mama, Mwanza)

Pole mama. Insulini hairukwi, anaweza kuzidiwa ndani ya siku chache, kwa hiyo mrudishe kliniki mapema. Ila huu ndio umri ambao mwanasaikolojia Erik Erikson anasema kijana anatafuta yeye ni nani, na kujichoma mbele ya wenzake ni mzigo. Mwombe matroni ampatie chumba cha faragha. Kliniki, mwache aingie peke yake kwanza.

Babu mmoja wodini anarudia kila siku habari za kujenga reli ya TAZARA. Tumwache? (Muuguzi, Mbeya)

Msikilize huku ukifunga kidonda. Anahesabu maisha yake. Lakini akianza ghafla kukuita mkandarasi, huo si uzee: pima joto na sukari, umwite daktari.