Usiku wenu wa 27, kwetu wa 26

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Umeniuliza: huko London mmeanza kufunga Ramadhani siku moja kabla yetu hapa Tanga, basi usiku wenu wa 27 kwetu ni wa 26, Lailatul Qadri, usiku wa cheo, itashuka kwa nani? Nimecheka peke yangu. Marehemu bibi yako nilimwuliza lilelile, nikaambiwa nimalize kwanza kuosha vyungu.

Mtume (S.A.W.) alisema tuitafute kumi la mwisho, nyusiku za witiri, yaani zisizogawanyika kwa mbili. Hiyo 27 sahaba Ubayy bin Kaab aliiapia kabisa, na ndiyo msikiti wetu hujaa mpaka viatu vinafika barabarani. Usiku wa 28 imamu anabaki na safu mbili. Lakini sahaba mwenzake Abu Said al-Khudri naye ana yake. Mvua ilinyesha usiku wa 21, paa la makuti ya mtende la msikiti wa Madina likavuja, na asubuhi akaona kwa macho yake tope kwenye paji la uso la Mtume, kama alivyokuwa ameoteshwa. Mimi naipenda hiyo. Masika yakipiga bati langu alfajiri, huikumbuka.

Tena siku moja Mtume alitoka awaambie ni upi hasa, akakuta watu wawili wanagombana, ujuzi ule ukaondolewa. Akasema huenda ikawa kheri kwenu. Wakianza hapa kuzozania mwezi mwandamo, tufuate ulioonekana hapa au wa kimataifa, natamani niwasomee hadithi hiyo kwa kipaza sauti.

Neno qadr unalo mdomoni kila siku: kadiri, makadirio. Mambo ya mwaka hukadiriwa usiku huo. Ni cheo pia, kwani ndio usiku iliposhuka Qurani, Jibril alipomwambia Mtume pangoni Hira: Soma! Ni bora kuliko miezi 1000, yaani miaka 83 na miezi 4. Bibi yako hakuifikisha.

Basi hesabu kwa funga yako, na usiku hutangulia mchana: 27 yako inaingia magharibi ukishafuturu ya 26. Mimi nakesha zote kumi, witiri na shufwa. Kazi ikikuchosha, shika ile dua aliyofundishwa Bi Aisha, mkewe Mtume: Ewe Mola, Wewe ni Msamehevu, wapenda kusamehe, basi nisamehe.

Ukiamka kula daku nipigie. Huku jua litakuwa limeshachomoza.

Mama yako