Mzee aliyeshika kichwa kwa mikono miwili

Kijana aliyemaliza mafunzo ya kairopraktiki, tiba ya kunyoosha mgongo na shingo kwa mikono, mwaka jana ameniandikia: "Dada, mgonjwa akija na eksirei iliyosema hana kitu, si naendelea tu?" Swali hilo nilikaribia kulijibu kwa mikono yangu miaka tisa iliyopita, na bado hunikosesha usingizi.

Alikuja mzee wa miaka 72. Wiki tatu nyuma aliteleza kwenye ngazi, akapigwa picha, akaambiwa ni misuli tu. Mwanawe alitaka nimwalishe shingo ile waondoke. Mzee alipokuwa akilala alishika kichwa kwa mikono miwili, kama anayetua mtungi uliojaa. Nililiona jambo hilo, nikalipuuza. Vidole vyangu vilikuwa tayari chini ya kisogo aliposema, "Nisubiri mwanangu, nisipokishika nahisi kitadondoka."

Nikaondoa mikono, nikamvalisha kola ya kushikilia shingo, nikasema simgusi mpaka apigwe CT, picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande. Mwanawe alifoka. Mwenye kliniki aliniita mwoga mbele ya wagonjwa, eti nafukuza wateja. Majibu yalipokuja, jino la pingili ya pili ya shingo, kile kijiti cha mfupa kinachochomoza juu, lilikuwa limevunjika kwenye shina lake. Nyuma yake tu ndipo unapopita ugwe mgongo, kamba ya neva itokayo kwenye ubongo. Ningezungusha kichwa kile, leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa, kama ningekuwa naandika.

Watu hunisifu kwa siku ile. Aliyegundua ni mzee mwenyewe. Mimi nilichelewa kusikia.

Sasa nyie vijana, mikono mnayo, masikio je? Uliza kuhusu kuanguka. Akisema hakuanguka, uliza tena, maana wazee huona haya kukiri. Ipo kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 kwa majeruhi aliye na fahamu timamu: akiwa na miaka 65 au zaidi, au ameanguka kutoka kimo cha mita moja au ngazi tano na kuendelea, au anahisi ganzi mikononi au miguuni, lolote kati ya hayo linatosha kumpeleka picha. Kumwambia ageuze shingo nyuzi 45 huja baadaye, kwa asiye na dalili hizo. Mzee wangu alikuwa na umri na ngazi, vyote viwili, na mimi nilishamlaza!

Msiiabudu eksirei. Huikosa mivunjiko ya shingo ambayo CT huionyesha, hasa kwa mzee ambaye mifupa imechakaa na picha imejaa vivuli. Na ambaye uti wake wa mgongo umeganda kwa ugonjwa wa viungo anaweza kuvunjika shingo kwa kujikwaa tu. Kwa hiyo uliza kuhusu kuanguka. Nimeshasema, narudia.

Mwenye kliniki hajaniomba radhi mpaka leo. Mzee alirudi kunisalimu baada ya miezi, kola imeshatoka. Nilimwonyesha kitanda apumzike, akacheka, akavuta kiti.