Wafundisheni wanafunzi kuhusu Jagodia na Mabruk

Swali la wiki hii linasema: ni mtu gani mashuhuri katika historia ambaye aibu yake imefichwa, na ingefaa ijulikane? Jibu langu ni Karl Peters, Mjerumani.

Kwetu Tanzania aliyesoma shule analijua jina hilo. Tumefundishwa kwamba Novemba 1884 yeye na wenzake walifika Zanzibar kwa majina ya bandia, wakavuka kwenda bara, na katika wiki chache wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za machifu kwenye karatasi za Kijerumani. Tunamkumbuka Mangungo wa Msovero, ambaye kwa mujibu wa karatasi moja aliitoa nchi yake yote kwa chama cha ukoloni cha Peters. Mpaka leo kiongozi akishukiwa kusaini mkataba mbovu huitwa Mangungo. Februari 1885 serikali ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ikampa Peters hati ya ulinzi kwa ardhi hiyo, na kwenye madaftari mengi habari zake huishia hapo. Mangungo anabaki mjinga, Peters anabaki mjanja. Nimefundisha somo hili na linaniuma, kwa sababu sehemu inayomwonyesha Peters alikuwa mtu wa aina gani ndiyo tunayoiruka.

Mwaka 1891 aliteuliwa kamishna wa dola ya Ujerumani katika eneo la Kilimanjaro. Wakati huo hakuwa tena mfanyabiashara wa mikataba. Alikuwa mkubwa wa serikali, mwenye askari, bunduki na mamlaka ya kuhukumu, na gavana aliyekuwa juu yake alikaa pwani, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Kituoni, yeye na Wazungu wenzake waliwaweka kinyumba wasichana wa Kiafrika. Mmoja wa wasichana wa Peters aliitwa Jagodia. Palikuwa pia na mtumishi kijana, jina lake Mabruk.

Oktoba 1891 Mabruk alinyongwa. Kosa lililotajwa ni kuingia usiku ndani ya kituo na kuiba, lakini watu wa pale walijua kwamba alikuwa amelala na msichana wa bwana mkubwa. Jagodia naye alitoroka, akakamatwa, akarudishwa, akachapwa viboko na kutiwa minyororo. Januari 1892 akanyongwa pia, kwa madai kwamba alikuwa mpelelezi wa maadui. Aliyeshitaki, aliyehukumu na aliyekuwa na kisa na waliohukumiwa ni mtu yuleyule. Vijiji vya jirani navyo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Peters alihamishwa kutoka Kilimanjaro, na Juni 1892 wapiganaji wa Mangi (chifu) Meli wa Moshi wakakishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kiongozi wake, Albrecht von Bülow.

Je, mambo haya yalikuwa siri? Kwa Wachaga hayakuwa siri hata siku moja. Watu walinyongwa hadharani ili waonekane. Wazungu wa kituoni walijua, wamisionari walisikia, na uvumi ukafika pwani. Aliyefichwa mambo haya ni Mjerumani wa kawaida aliyekuwa Ulaya, na kwa miaka minne wakubwa waliojua waliona ni afadhali asijue. Peters alirudi Berlin na kuendelea kuwa mtumishi wa serikali.

Tarehe 13 Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa Wasoshalisti, alisimama katika Bunge la Ujerumani na kuyasema yote. Ghasia zilizozuka zilikuwa kubwa. Ila ukizifuatilia kwa makini utaona zilivyopotea njia. Bebel alitaja barua ambayo alisema Peters alimwandikia Tucker, askofu wa Kianglikana, akidai kwamba alikuwa amemwoa msichana yule kwa desturi ya Kiafrika na hivyo alikuwa na haki ya kumuua kwa uzinzi. Barua hiyo ilionekana baadaye kuwa haipo. Wafuasi wa Peters wakaishikilia hoja hiyo kwa miaka mingi kana kwamba ikikosekana barua, na wale wawili hawakunyongwa. Magazeti yakabishana kuhusu wivu na kitanda cha Mzungu. Vijiji vilivyochomwa vikapata nafasi ndogo, na hakuna aliyeuliza ndugu wa Jagodia walikuwa akina nani.

Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwona Peters na hatia ya kutumia vibaya madaraka na kutoa taarifa zisizo za kweli kwa wakubwa wake. Alifukuzwa kazi, akapoteza cheo na pensheni. Adhabu iliishia hapo. Mahakama ya jinai haikumgusa kwa vifo hivyo. Yeye alikuwa amekwishahamia London, na baadaye akawa anatafuta dhahabu kusini mwa Zambezi. Kwao walimbandika jina la Peters Mnyongaji. Kwa Kiswahili linatajwa jina lingine: Mkono wa Damu.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi alivyosafishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm II alimruhusu kutumia tena cheo chake. Kufikia 1914 akapewa pensheni kutoka mfuko wa Kaisari. Alifariki mwaka 1918. Mwaka 1934 sura yake ikachapishwa kwenye stempu ya posta, 1937 Hitler akaifuta hukumu ya nidhamu, 1939 barabara moja mjini Berlin ikapewa jina lake, na 1941 ikatolewa filamu ya kumtukuza. Vita vikaisha, utawala wa Kinazi ukaanguka, barabara ikabaki na jina. Mwaka 1986 wenye mji walitangaza kwamba kuanzia hapo jina hilo ni la Peters mwingine, Hans Peters, aliyempinga Hitler. Vibao havikulazimika kuondolewa. Ilichukua mpaka 2024, baada ya miaka mingi ya madai ya Waafrika waishio Ujerumani na wenzao Wajerumani, sehemu moja ya barabara hiyo kuitwa jina la Maji Maji, na nyingine kuitwa jina la Anna Mungunda, mwanamke shujaa wa Namibia.

Najua wapo walimu watakaosema mambo ya kinyumba si ya darasani. Nakubali kwamba mtoto wa darasa la tano hahitaji habari zote hizi. Lakini kijana wa kidato cha tatu anasoma Vita vya Maji Maji na kodi ya kichwa. Anaweza kusoma pia kwamba kamishna wa serikali alimnyonga msichana aliyemtoroka, na kwamba dola lake lilikiri kosa kwa maandishi mwaka 1897, kisha likatumia miaka arobaini kulifuta.

Aya moja ingetosha kwa kuanzia, iwekwe ukurasa uleule wa mkataba wa Msovero: Kilimanjaro, 1891 na 1892, majina ya Jagodia na Mabruk, na hukumu ya mahakama ya nidhamu. Kisha mtihani usiishie kumuuliza mwanafunzi kwa nini Mangungo alidanganywa. Umuulize pia Peters alifanya nini alipopata alichokitaka.