Mtoto asiyetajwa mstarini

Pole dada. Umeuliza kama ni sawa habari za wiki zinazosomwa mstarini kila Ijumaa kutaja walewale watatu wa kwanza, na mwanao wa darasa la tatu hajawahi kusikia jina lake. Mimi ni mwalimu, na nasema si sawa. NECTA wenyewe, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza kumi bora walipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, sasa sisi wa msingi tunang'ang'ania nini?

Kwetu kila mwalimu wa darasa hupeleka jina la mtoto mmoja aliyepiga hatua. Juzi alisimama kijana wa la pili aliyekuwa akikwama kila akikuta "ng'" na "ny". Akasoma aya nzima, daftari limekunjika kona, kidole kikifuata neno kwa neno. Wenzake wakampigia makofi matatu, na mimi machozi yalinilenga.

Mwone mwalimu wa darasa lake kwa upole, ikishindikana lilete kwenye kikao cha wazazi. Na waliochaguliwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, nao watajwe, maana wanajituma sana.