Alifu yako ina nukta ngapi?

Miaka mitatu niliandika khati, ile sanaa ya mwandiko wa Kiarabu, chumbani, mlango nimeukomea, nikiiga picha za simuni. Nilinunua kalamu mpaka kopo likajaa. Alifu zangu zilikwenda upogo, na mimi naziona nzuri.

Jioni moja nikaketi na karatasi zangu barazani, Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Mzee aliyekuwa akinywa kahawa chungu akainama: "Mwanangu, hii alifu ina nukta ngapi?" Sikulielewa swali. Akachovya kalamu, akaibonyeza mshazari. Ikatoka nukta mfano wa kile kipande cha kashata mkononi mwake. Akazipanga nukta moja juu ya nyingine kando ya alifu yangu. Mwandiko wa sulusi, akasema, alifu yake hutaka nukta saba, wa naskhi, tano. Yangu ilikuwa tisa hapa, sita pale, kwenye mstari mmoja!

Kipimo hiki hunasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Uzuri wake ni kwamba nukta hutoka kwenye kalamu ileile unayoandikia, basi iwe nene au nyembamba, uwiano haupotei. Kwa hivyo ukianza, hesabu kwanza. Madoido yatakuja.

Kalamu za dukani usizikimbilie. Chonga mwanzi kwa kisu kikali, ncha uikate mshazari, kisha uipasue ufa mdogo katikati wino upate kushuka. (Ukate juu ya kitu kigumu, si juu ya goti. Kovu ninalo.) Ndani ya kidau cha wino tia nyuzi za hariri, kalamu isinywe wino kupita kiasi. Zangu nilizichomoa kwenye mtandio wa mama, na maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa.

Siku hizi twakutana watano sita. Mmoja wetu huandika misemo kwenye mikokoteni, kwa brashi na herufi za Kirumi. Mkono wake umetulia kutushinda sote tuliosoma chuoni. Yeye ndiye aliyetaka tuandike Kiswahili, kama wazee walivyoandika tenzi zao. Tukaanza na "pwani". Kiarabu hakina "p", basi unachukua herufi be, unaitia nukta tatu chini. Nilizipanga zikabanana kama abiria wa matatu.

Karatasi ikazunguka baraza zima. Mzee akaitazama, akaagiza kahawa nyingine, akanirudishia kalamu: "Tena."