Kwa wadogo mnaoingia ufundi wa ndege za kijeshi: msianze kwa kuhesabu ndege za jirani

Wadogo zangu wa Lubumbashi mnaoanza ufundi wa ndege, na hasa ninyi mnaotamani kuvaa gwanda la jeshi la anga: kila darasa jipya huja na ubishi uleule. Angola ina Sukhoi, Zambia ina jeti za Kichina, sisi tunangoja nini? Ubishi huo ni mtamu, mkae nao jioni kule Kamalondo mbele ya bia baridi ya Simba. Ndani ya hanga swali ni moja: kesho alfajiri, ndege ngapi zinaweza kuruka, zikarudi, na zikaruka tena mchana? Hiyo ndiyo idadi ya jeshi la anga. Ile ya siku ya gwaride ni ya wapiga picha.

Mimi nimezeekea kwenye ndege za mizigo, sikuwahi kuwa mwanajeshi. Lakini boliti haijui nani amevaa gwanda, na waliotoka jeshini nimefanya nao kazi vya kutosha.

Anzeni na historia ya hapa nyumbani. Mwanzoni mwa 1961 Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, ilipokea Fouga Magister tatu kutoka Ufaransa. Fouga ni ndege ya kufundishia marubani, injini mbili ndogo, silaha chache. Ilipofika Septemba iliyokuwa bado inaruka ni moja, na hiyo moja iliwasumbua askari wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, tena ikaharibu ndege za usafiri zilizokuwa zimeegeshwa, kwa sababu Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege ya kivita hata moja Kongo. Wengi husimulia hadi hapo wakanyamaza kwa kiburi. Malizieni basi. Wiki chache baadaye Umoja wa Mataifa ukaleta jeti za kivita: J 29 za Uswidi, Sabre za Ethiopia na Canberra za India. Mwisho wa Desemba 1962 zile J 29 zikapiga uwanja wa Kolwezi, na sehemu kubwa ya ndege za Katanga zikateketea zikiwa chini, bila kupata nafasi ya kupambana. Unapojiongezea nguvu, mwenzako hakai akikutazama. Na ndege iliyoegeshwa peupe bila ukuta wa kinga wala mzinga wa kuilinda ni shabaha tu.

Wala jibu la jirani si lazima liwe ndege. Januari 24, 2023, Su-25, jeti ya jeshi letu ya kushambulia ardhini, ilipigwa kombora kutoka ardhini upande wa Rwanda, ikatua Goma ikiwa imeharibika. Kigali ilisema ndege imevuka mpaka, Kinshasa ikakana. Hilo tuwaachie wanadiplomasia. Fundi aone jambo jingine: Rwanda haina jeti za kivita, lakini kombora moja la bei ndogo kuliko injini liliirudisha ndege karakanani. Na kama Su-25 ilirudi nyumbani, ni kwa sababu walioichora walitarajia itapigwa: injini mbili zimetenganishwa, rubani amekaa ndani ya kinga ya titani. Kwa hiyo mtu akiniambia nchi fulani inataka "kumfikia jirani", namwuliza kwanza jirani anakuzuia kwa kitu gani hasa.

Sasa tuje kwenye mambo ya karakana, maana hapo ndipo pesa zinapopotea.

Afrika Kusini ilinunua Gripen 26, ndege nzuri sana. Septemba 2021 zilisimama zote, zikakaa chini kwa takriban mwaka mmoja, kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha na mpya haujasainiwa. Hakuna adui aliyezigusa. Sisi wenyewe tulikuwa na Mirage 5 enzi za Zaire, zikiwa kwenye kambi ya anga ya Kamina. Ziliagizwa 17, hazikufika zote kwa sababu ya pesa, na mwisho wa miaka ya 1980 zilikuwa zimeshatoka kazini. Wazee wa Kamina bado wanazitaja kwa majivuno. Nami huwauliza ghala la vipuri lilikuwa na nini.

Tena kuna ndege uliyoilipia na huruhusiwi kuigusa. Pakistan, ikitaka kumfikia India, iliagiza F-16 Marekani. Mwaka 1990 Marekani ikafunga mlango kwa sababu ya mpango wa nyuklia, na ndege 28 zikaishia kuegeshwa jangwani Arizona miaka na miaka. Wakati huo hazikufika Pakistan; baadaye jeshi la Marekani likazichukua lenyewe. Pakistan ilijifunza kwa uchungu: ikaungana na China kutengeneza JF-17, iliyoruka mara ya kwanza 2003, na leo inaiunganisha yenyewe kwenye viwanda vya Kamra. Haikuwa ndege bora kuliko F-16. Faida yake ni kwamba mafundi wa Kamra wanaifungua na kuifunga bila kuomba ruhusa Washington. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko kasi yake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Algeria. Mwaka 2006 iliagiza MiG-29 kutoka Urusi, na kumi na tano zikafika. Waalgeria wakazikagua, wakalalamika kwamba ndani ya ndege zinazoitwa mpya kuna vipuri vya zamani, na 2008 wakazirudisha zote kumi na tano. Nchi kubwa inayouza silaha ikalazimika kupokea mzigo wake. Badala yake Algeria ikachukua Su-30 zaidi, wakati Moroko, mshindani wake wa siku zote, ikiagiza F-16 24 kutoka Marekani. Magazeti yaliandika siasa. Mimi naona mtu ameinama na tochi, anasoma namba iliyopigwa kwenye chuma, analinganisha na karatasi, na anakataa kutia sahihi. Kuna siku mtasimama hapo. Mkubwa atakuja nyuma yenu na kusema waziri anasubiri, sherehe ni kesho, tia sahihi tutarekebisha. Kipuri kisicho na karatasi ya kuonyesha kilikotoka, saa kilizofanya kazi na nani alikifungua mara ya mwisho, hakipandi kwenye ndege. Hata kikiwa kinang'aa. Hasa kikiwa kinang'aa.

Ndege iliyotumika si aibu, msicheke Angola. Zile Su-30K zake 12 zilitumika kwanza India, zikafanyiwa ukarabati Baranovichi huko Belarusi, zikaanza kufika Angola 2017. Cha kuuliza ni saa zilizobaki: za bodi kando, za injini kando, maana injini huchoka mapema zaidi. Injini ikienda kiwanda cha nchi ya mbali kwa ukarabati mkuu, inaweza kukaa huko muda mrefu, na bila injini za akiba ndege yako inageuka sanamu. Halafu kuna vitu vinavyokufa kwa kalenda hata kama ndege haijaruka: mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, mabomba, baruti za kiti cha kumrusha rubani nje. Tarehe ikipita, imepita. Rubani asiye na kiti cha kumwokoa asikubali kupanda, nanyi msimshawishi.

Kuhusu aina nyingi za ndege nitasema kifupi. India ina Su-30, MiG-29, Jaguar, Mirage 2000, Rafale na Tejas kwa wakati mmoja, na MiG-21 ziliagwa Septemba 2025 tu. Kila aina ina ghala lake, vitabu vyake, mafundi wake. India ina watu na viwanda vya kubeba mzigo huo. Nchi yenye ndege kumi za aina nne haina jeshi la anga, ina maonyesho. Hata spana hazifanani: ya Kirusi inapimwa kwa milimita, ya Kimarekani kwa inchi, na mwenye haraka akilazimisha moja kwenye nyingine anakula kichwa cha boliti.

Msisahau pia mnaishi wapi. Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vya wauzaji hupenda kuandika urefu wa njia ya kurukia kwenye usawa wa bahari, siku yenye ubaridi, bila mabomu. Oktoba saa nane mchana hapa, hewa ni nyepesi na injini inavuta kwa shida, kwa hiyo ama ndege inahitaji njia ndefu zaidi au inabeba kidogo. Kiangazi ni vumbi jekundu kwenye vichujio. Na kila asubuhi watu wapange mstari waokote kokoto kwenye njia, wakubwa kwa wadogo. Jeti yenye mdomo wa kuvutia hewa ulio chini inafyonza kila kitu.

Mwisho, lugha. Kifaransa chetu cha shule hakitoshi. Su-25 inakuja na vitabu vya Kirusi, drone za China zina vyake, na karatasi nyingi za vipuri duniani ni za Kiingereza. Mwenye kungoja mkalimani anangoja mpaka mkataba wa mkalimani uishe. Wanaoanza kozi mwezi ujao waje na Kiingereza cha kusoma jedwali, hata cha kubabaisha, na kaye (daftari) ngumu ya kuandikia kwa kalamu ya wino. Penseli siipokei.